Enterarse sio kujua, ni kusikia

Ukifungua kamusi yoyote ya Kihispania kutafuta kitenzi enterarse utaambiwa maana yake kujua, na hapo ndo watu wengi wanapotezwa, kwa sababu kujua kwenye Kihispania kuna saber tayari na hizi mbili hazifanyi kazi moja. Saber ni kuwa nayo habari kichwani. Enterarse ni pale inapoingia. Jana ulikuwa hujui, leo mtu kakutumia meseji, basi me acabo de enterar, ndo kwanza napata habari sasa hivi.

Mi naona neno letu linaloikaribia zaidi ni kusikia, na sijui kwa nini walimu hawalisemi. Angalia. Me enteré ayer, nimesikia jana. Umechomwa sindano hata hukuhisi kitu, Mhispania anasema "ni me enteré" (hiyo ni ni ya kwao, maana yake "wala si-"), na sisi tunasema hata sikusikia! Mzazi kamfokea mtoto halafu anamalizia ¿te enteras? kwa sauti ya ukali, hiyo ni "umesikia?" yetu kabisa, ile ambayo haisubiri jibu. Na como se entere tu madre, ole wako mama yako asikie. Yaani masikio, ngozi na akili vyote vimebebwa na kitenzi kimoja, kama kwetu tu.

Kuna sehemu moja lakini kusikia kunakuangusha. Ukisema "nimesikia ameoa" inaweza ikawa umbea tu, wewe mwenyewe huna uhakika. Me enteré de que se casó haina huo mlango wa kutokea, anayesema hivo anaichukulia ndoa kama kitu kilichotokea kweli. Ukitaka kuacha nafasi ya shaka sema he oído que se casó, au dicen que, wanasema. Na hiyo de usiitupe. Wenyeji wenyewe wakiongea haraka wanaimeza sana tu, ila kwenye maandishi inatakiwa, enterarse de. Aliyekuletea habari anakuja na por: me enteré por mi hermana, nimeipata kwa dada.

Kuhusu kutafuta habari mwenyewe, enterarse haikulazimishi, unaweza ukawa umekaa zako na habari ikakukuta hapohapo. Ukiuliza huyu na yule, ukapekua makaratasi mpaka ukweli ukatoka, hiyo ni averiguar. Polisi wanafanya averiguar, majirani wanakuja tu ku-enterarse kwamba mwizi kakamatwa. (Ukiandika averigüé weka vidoti juu ya u, bila vidoti hiyo u haitamkwi.) Na kama umeenda kuulizia masharti ya viza au kozi inaanza lini, hiyo wanaiita informarse.

Cha kuchekesha ni kwamba saber nayo ikiingia wakati uliopita wa tukio inageuka inakuwa kama enterarse. Sabía, nilikuwa najua. Supe, nilipata habari. Kwa hiyo supe que se casó na me enteré de que se casó zinakaribiana sana, ya kwanza tu inasikika rasmi kidogo kuliko ya pili.

Hispania wameichezea sana hii kitu. No te enteras ni kumwambia mtu uko gizani wewe, huelewi kinachoendelea. Un enterado ni mjuaji, na sio sifa. No darse por enterado ni yule anayejifanya hajasikia wakati kasikia vizuri sana, kila familia inaye.

Bila se, enterar a alguien ni kumjulisha mtu, ila kwenye maongezi ya kawaida utakutana zaidi na avisar au contar. Meksiko ukisoma sheria za kodi utaikuta enterar ikiwa na maana ya kuwasilisha pesa serikalini, retener y enterar, mwajiri anakata kodi kwenye mshahara halafu anaipeleka, haihusiani na habari hata kidogo.

Halafu chunga r. Enterrar yenye r mbili ni kuzika, kwa hiyo kama ulimi wako unapenda kukokota r jizuie hapo, maana me enterré ni nimejizika.