Mstari wa Thelathini

Wiki ile nzima nililala na kuamka na Zaburi ya 107. Padri alikuwa amenipangia kuhubiri Jumapili, Septemba 11, 2011. Nilikuwa katekista kijana, na zaburi hiyo niliichagua mwenyewe kwa sababu ya bahari iliyomo.

Imetaja watu wa namna nne: waliopotea jangwani, waliofungwa gizani, wagonjwa, na mabaharia. Kila kundi likifika ukingoni, mstari uleule unarudi: wakamlilia Bwana katika dhiki zao. Kwa wafungwa nilikaa sana. "Wamefungwa katika taabu na chuma," inasema, na sisi tunasali Mkunazini, mjini Zanzibar, katika kanisa ambalo Askofu Steere alilijenga palepale palipokuwa na soko la watumwa, lile lililofungwa mwaka 1873. Hapo sikuhitaji kitabu cha maelezo.

Lakini hotuba yangu niliielekeza kwa mabaharia. Nimeshavuka kwenda Pemba wakati wa kusi, nikaona wanaume wazima wameshika vyuma vya meli huku midomo inacheza kwa dua. Wapanda mbinguni, watelemka vilindini: aliyeyaandika haya aliyaona. Na mstari wa 30 ndio uliokuwa kilele changu: "Naye huwaleta mpaka bandari waliyoitamani." Katika kitabu alichoniazima padri nilisoma kwamba neno hilo la Kiebrania, bandari, halipo pengine popote katika Agano la Kale. Mara moja tu, na limewekwa hapo, baada ya dhoruba. Nikalipigia mstari mara mbili. Ijumaa usiku nikafunga daftari, moyo umetua.

Alfajiri niliamshwa na kilio cha jirani. Meli ya Pemba ilikuwa imezama usiku, mkondo wa Nungwi. Sikukuu ya Idi ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakirudi makwao, wengine na watoto, magodoro, magunia ya mchele. Bibi jirani alikuwa na wajukuu wawili wa dada yake ndani ya meli ile. Mchana nilikwenda naye viwanja vya Maisara, walikokuwa wakiletwa waliopatikana. Yale niliyoyaona pale siyaandiki.

Jioni nikaenda kwa padri.

"Padri, naomba nibadilishe zaburi."

"Usibadilishe. Kaisome tena."

Nikaisoma tena kwa taa ya chemli, maana umeme ulikuwa umekatika. Safari hii nikauona mstari wa pili, ambao wiki nzima nilikuwa nikiupita mbio: wanaoambiwa waseme ni waliokombolewa. Zaburi hii huimbwa na waliorudi. Wale walioachwa na maji hawana sauti ndani yake, na mimi nilikuwa nimetaka kuwahubiria bandari watu ambao wapendwa wao hawakuiona. Nilichana kurasa zote. Bado naamini nilifanya sawa.

Jumapili nilihubiri dakika chache mno. Nilisoma kuanzia mabaharia, nikafika mstari wa 28, kilio chenyewe, nikanyamaza. Kisha nikaongeza sentensi moja ya Zaburi ya 130: "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia." Tukapiga magoti. Hakuna aliyeharakisha kuinuka.

Jumatatu nikaenda matangani kwa bibi. Wajukuu hawakuwa wamepatikana. Wanawake walikuwa wameketi mikekani, kahawa imepoa kwenye vikombe. Nikampa mkono, nikakaa karibu na mlango.

"Mwanangu, jana huko kwenu mlisoma nini?"

"Zaburi, bibi. Ya watu wa baharini."

"Zaburi ya Nabii Daudi?"

Zaburi ile haina jina la mtunzi, lakini hapakuwa mahali pa kusahihishana. "Ndiyo, bibi."

"Hebu nisomee."

Biblia sikuwa nayo, lakini maneno nilikuwa nayo kichwani kwa wiki nzima. Nikayasema taratibu, dhoruba, mawimbi, watu wanavyoyumba akili zikiwapotea, mpaka pale walipolia. Nikanyamaza palepale niliponyamaza jana.

Akanitazama. "Umenikatia kati, mwanangu. Haiishii hapo."

"Haiishii hapo, bibi."

"Basi niishilizie."

Sauti yangu ilikuwa inatetemeka. Nikamsomea mawimbi yakinyamaza, nikamsomea bandari. Alikuwa amefumba macho, tasbihi mkononi, na nilipofika mwisho akaniambia niirudie ile ya bandari.