Kitalu Kabla ya Masika

Kaskazi bado inavuma hapa Tanga, mchanga wa uani unaunguza nyayo, na kitalu changu nimeshakisia. Wifi yangu alipita jioni akanikuta nanyunyiza maji. "Wifi, na jua hili? Si ungoje mvua?" Nikamjibu nataka mvua ikija ikute miche, isikute mbegu.

Masika ya kwetu hayaji kwa adabu. Matone ya mwanzo ni mazito, mbegu ndogo hufukuliwa zote zikaenda na maji mtaroni. Halafu ipo hesabu ya wiki. Biringanya, ngogwe na pilipili hukaa kitaluni wiki 5 hadi 6. Ukisia mwishoni mwa Februari, mwanzoni mwa Aprili una mche wenye shina la kusimama na udongo umelowa vizuri. Ukingoja mvua, utahamisha miche katikati ya Mei, matuta yametota na mizizi haina pa kupumua.

Kitalu changu kiko upande wa mashariki wa nyumba, kipate jua la asubuhi, na la mchana linapungua kwa kuti nililoegemeza juu ya fito. Udongo nauchota chini ya mwembe, nauchanganya na samadi ya mbuzi iliyooza hasa, isiyonuka tena, pamoja na mchanga wa mtoni. Wa pwani una chumvi, siutaki. Nachekecha vyote, nachora mistari iliyoachana sentimita 10, mbegu naifukia kina cha sentimita 1 tu, kisha natandaza nyasi kavu. Vichwa vikianza kuchungulia, nyasi zinaondoka siku hiyohiyo, tena jioni, maana zikicheleweshwa miche hurefuka kwa kutafuta mwanga ikawa dhaifu.

Maji ndiyo ninayoyasisitiza kwa jirani zangu. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na mche mchanga wa pilipili huonyesha upesi: ncha za majani zinakauka, zinageuka kahawia. Namwagilia ya bomba, yanayotoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, asubuhi na jioni, kwa kopo lililotobolewa matundu madogo. Sisimizi nawazuia kwa jivu pembezoni. Kuku wana ukuta wao: miti ya mkonge iliyochomekwa na kuzungushiwa nyavu kuukuu za wavuvi wa Deep Sea, soko letu la samaki hapa Tanga.

Mchicha hauhitaji kitalu. Mbegu yake changanya na mchanga mkavu ndipo uirushe, la sivyo itarundikana mahali pamoja. Baada ya wiki 3 au 4 unang'oa. Bamia nailoweka usiku kucha, asubuhi natia mbegu mbili kila shimo, na baadaye nabakiza mche ulio bora. Huanza kuzaa kwenye siku 50 hadi 60, na hapo chuma siku mbili kwa siku mbili, ikiwa changa. Bamia iliyokomaa haina mlenda wa kuteremsha ugali, ni nyuzi tupu.

Kwenye nyanya sikubaliani na wengi. Watu husia sasa kwa pupa, mmea ukaingia kwenye maua mvua ikiwa imeshika kasi. Ukungu unapanda kutoka majani ya chini na tunda linaozea mtini. Mimi nyanya naisia mwishoni mwa Aprili, naihamisha mwishoni mwa Mei, ikue kwenye ubaridi wa kipupwe. Naipenda Tengeru 97, mbegu iliyotolewa kule Tengeru, Arusha: ngozi yake ngumu, tunda halipondeki ovyo, na mmea unavumilia minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyoifanya mizizi kuvimba mafundo, ambavyo mchanga wa pwani unavyo kwa wingi. Naisimamishia fito na kuifunga kwa kamba ya mkonge, majani yasiguse chini.

Halafu maua. Wapo wanaosema kumwagilia maua ni kupoteza maji, na maneno hayo yananiudhi kweli. Nyumba ya mwambao isiyo na asumini wala mrehani mimi naiona imepungukiwa. Mkitaka kwenda harusini mtakwenda na kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, cha kununua? Shina langu la asumini limetoka uani kwa mama, Ngamiani. Mwezi wa tatu nakata vijiti vyenye unene wa kalamu, urefu wa sentimita 15, kila kimoja na pingili tatu au nne. Majani ya chini naondoa, pingili mbili zinaingia udongoni, na vijiti vinakaa kwenye madumu yaliyokatwa, kivulini, mpaka vichipue. Asumini huchumwa alasiri, likiwa tumba, kwa sababu hufunguka jioni; ukichuma asubuhi harufu imeshapungua.

Mrehani ni mwepesi kuliko vyote. Mbegu zake zinyunyize juu ya udongo bila kuzifukia sana. Ukiwa mkubwa ukate vilele mara kwa mara ili usichanue mapema, utatanuka na kuwa kichaka. Wangu nimeusia pembeni mwa biringanya. Wifi ameshaomba miche ya mrehani na ya biringanya, na nimemwambia aje na ndoo mvua zikishatulia kidogo, aihamishe jioni, pamoja na udongo wake.