Kipimo cha Waziri: Nilivyowamudu Akina John Doe

Kabla sijaeleza nilivyofaulu, naomba kwanza niutoe moyoni ushauri mmoja ambao kila mfasiri chipukizi hupewa, yaani kwamba majina ya watu hayatafsiriwi. Nilipopokea mfululizo wa filamu za upelelezi za Kimarekani ili niziandikie maneno ya Kiswahili yanayopita chini ya picha, niliufuata ushauri huo kwa utiifu wote, na matokeo yake maiti za watu tofauti, katika vipindi tofauti, zikawa zinaitwa John Doe, jina ambalo Wamarekani humpa mtu asiyejulikana. Binamu yangu, ambaye ndiye mtazamaji wangu wa kwanza hapa Tanga, aliuliza kwa uchungu kabisa kwa nini huyu bwana hafi mara moja akatulia.

Mkongwe mmoja wa kazi hii akaniambia niache kuhangaika, niweke "fulani" kila mahali. Nikaweka. Mpelelezi anafunua shuka, daktari anasoma karatasi, na chini ya picha yanapita maneno "Fulani aliletwa saa nane usiku". Kazi ilirudishwa na mteja siku chache baadaye, kwa maelezo kwamba waliojaribu kuitazama waliamini polisi wanamjua marehemu na wanamficha. Watazamaji hao walikuwa na haki. "Fulani" likisimama peke yake mahali pa jina, kwa kawaida anayelitamka anamjua vizuri anayemsema, ila hataki kumtaja, na ndiyo maana wapiga umbea hawaishi bila neno hilo. Mtu aliyeokotwa barabarani bila kitambulisho hana siri na yeyote, hajulikani tu.

Niliposoma asili ya jina lenyewe ndipo nilipoona kwamba Waingereza wameweka mizigo miwili katika gunia moja. John Doe hakuzaliwa katika chumba cha maiti, bali mahakamani. Katika sheria ya kale ya Uingereza, mtu aliyedai ardhi yake alijificha nyuma ya mpangaji wa kubuni aitwaye John Doe, ambaye eti alikuwa amefukuzwa shambani na mtu mwingine wa kubuni aitwaye Richard Roe, na majaji waheshimiwa waliuvumilia uongo huo mpaka sheria ya mwaka 1852 ilipoufuta. Ukoo wa Roe uliendelea kuishi Marekani. Jane Roe wa kesi ya Roe dhidi ya Wade, ile ya utoaji mimba, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 22 Januari 1973, alikuwa mwanamke wa Texas aitwaye Norma McCorvey, ambaye mawakili wake walimfahamu barabara, ila walimfichia jina. Huyo sasa ndiye "fulani" wa haki kabisa! Kwa hiyo yule mkongwe wangu alikuwa na dawa nzuri, isipokuwa aliigawa kwa wagonjwa wote.

Kipimo changu nilikipata ndani ya daladala, redio ya dereva ikitangaza ziara ya waziri. Niliwaza: nikimtoa John Doe katika sentensi nikamweka waziri, itakuwaje? "Waziri aliletwa hospitali bila kitambulisho, hakuna aliyemtambua." Inawezekana kabisa, waziri akipata ajali akiwa amevaa kaptula, nani atamjua? Sentensi ikisimama namna hiyo, ujue tatizo ni kutojulikana tu, nawe uandike "mtu asiyejulikana" au "mwili usiotambuliwa" bila wasiwasi. Kisha nikamjaribu yule mama tajiri wa kipindi kilichofuata, anayesema kwamba hawezi kumfungulia lango kila Tom, Dick na Harry, yaani yeyote yule anayejipitia. Nilipomweka waziri, sentensi ilianguka chali, kwa sababu mama huyo angelifungua lango mwenyewe huku akiagiza viti vipanguswe vumbi. Hiyo ni dharau, na dharau tunayo yetu ya kutosha: niliandika "kila kajamba nani", na katika nakala ya televisheni, ambako mhariri ana aibu, "kila apitaye njia".

Kipimo kina kundi moja kinachoyumba nalo, nalo ni la Joe Bloggs wa Uingereza na John Q. Public wa Marekani. Waziri hawezi kukaa mahali pao, lakini hakuna anayewatukana, kwani hao ni wananchi wa kawaida ambao wanasiasa huwakumbuka wanapotaka kura. Mteja, ambaye ni Mkenya, alipendekeza "Wanjiku", jina ambalo kwao humsimamia mwananchi wa kawaida, na kwa habari za Nairobi ningekubali mara moja, ila askari wa Chicago amjulie wapi Wanjiku? Kuhusu yule mtu wa ndani ya basi la Clapham, kusini mwa London, ambaye yumo katika hukumu ya Kiingereza ya mwaka 1903 kama mfano wa mtu mwenye busara ya kawaida, nilishauriwa niandike "abiria wa daladala". Nilikataa, maana abiria wa daladala ninaowajua mimi, saa moja asubuhi, busara wameiacha nyumbani.

Yaliyobaki hayakunisumbua sana. "Small fry" ni dagaa, na "cipher", yaani mtu asiyehesabiwa, imetoka katika Kiarabu kilekile kilichotupa sifuri, hivyo "yeye pale ofisini ni sifuri tu" iliingia bila kubisha hodi.

Vitu vilinichelewesha zaidi kuliko watu. Mhusika mmoja yuko chini ya gari na anaomba "doohickey", yaani kitu ambacho jina lake limemtoka, wala picha haionyeshi ni kitu gani. Kamusi ilinipa "kidude", neno ambalo katika vijiwe vingine lina maana nisiyoweza kuiandika hapa. Nilikwenda gereji ya jirani nikakaa kwenye tairi. Fundi, akiwa chini ya pikapu, alitoa mkono mweusi kwa oili na kumwambia kijana wake, "Lete hiyo nanihii", na kijana, bila kuuliza wala kugeuza shingo, akamwekea kiganjani spana namba kumi na tatu. Niliandika "nanihii", mteja hakubadilisha hata herufi, na malipo yalitosha kodi ya nyumba, vocha, na soda ya fundi na kijana wake.