Usiku wa Voi: Mwanga Tele, Makosa Tele
Mwaka 2010 mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, ilikuwa imeshatua Mombasa, na kila mwenye faiba, uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga, kati ya pwani na Nairobi alitaka kuipandisha kasi. Kampuni niliyoitumikia ikatutuma Voi usiku, tukitoe kipande cha Voi hadi Mtito Andei kwenye gigabiti 2.5 kwa sekunde tukifikishe 10. Uzi ni uleule, vituo ni vilevile, kadi za kutuma na kupokea mwanga tu ndizo mpya.

Tulipowasha, taa ikawa kijani, kisha makosa yakaanza kumiminika kwenye skrini. Kipima nguvu kilionyesha mwanga wa kutosha kabisa. Kutoka Nairobi wakatuagiza kwa simu tuongeze nguvu ya amplifaya. Tukaongeza, makosa hayakutikisika. Fundi wetu mkubwa, mtu wa Taita tuliyemwita Mzee, akaniambia, "Kijana, mwanga upo tele. Nipimie urefu."

OTDR, kifaa cha kupima urefu wa faiba, ikasoma karibu kilomita 100, zaidi ya urefu wa barabara yenyewe, kwa ajili ya mizunguko ya akiba iliyoachwa mashimoni. Mzee akavuta karatasi. Faiba ya kawaida, kwenye nanomita 1550, hutawanya mwanga kama pikosekunde 17 (pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde) kwa kila nanomita ya upana wa mwanga kwa kila kilomita: kwa kilomita 100, pikosekunde 1,700 kwa kila nanomita. Nao mpigo wa mwanga wa gigabiti 10 hubeba upana wa kama sehemu ya kumi ya nanomita. Mawimbi mafupi hutangulia, marefu huchelewa, kama malori yaliyotoka Mariakani pamoja, mengine yameingia Voi na mengine yangali Maungu. Mpigo unafika umetanuka pikosekunde 170, na nafasi ya biti moja ni 100 tu! Kwa gigabiti 2.5 nafasi ilikuwa 400, ndiyo maana hakuna aliyewahi kulalamika.

"Lakini moduli ya kufidia, ile ya kufuta mtawanyiko, ipo, Mzee."

"Ya kilomita ngapi?"

Nikamulika tochi nyuma ya raki. Lebo: 40. Mchoro ulidai 80. Moduli ya 40 hufuta 680, zinabaki 1,020, na kadi yetu ilivumilia 800. Mafundi wa leo wa gigabiti 100 wana raha, chipu ya mpokeaji hufanya hesabu hiyo yenyewe. Sisi tulibeba dawa ndani ya masanduku.

Bahati nzuri, garini mlikuwa na moduli mbili za 80 za kituo kingine. Ndani ya kile kisanduku chembamba mmezungushwa zaidi ya kilomita kumi za uzi wa aina yake, wenye kiini chembamba, unaotawanya kinyume. Hula mwanga si haba, na hapo ndipo amplifaya ilipofaa. Nikasafisha ncha za viunganishi kwa spiriti, nikachomeka, nikageukia osiloskopu. Lile jicho, umbo linalochorwa na mipigo ikipangwa juu ya mwenzake, lililokuwa limefumba, mistari imevimba hadi katikati, likafumbuka polepole mpaka ukaona nafasi nyeupe kati ya moja na sifuri. Zimebaki 340 tu. Kihesabu cha makosa kikasimama.

Nilitaka kushangilia. Lakini hiyo ilikuwa njia ya kuja. Ya kwenda inapokelewa Mtito Andei. Nikampigia mwenzetu aliyekuwa huko, nikamwomba asome lebo.

"Arobaini, kaka."

Mzee alikuwa ameshakumbatia kisanduku cha pili, anaelekea garini.