Farasi mwenye mabawa barazani Mwanga

Umeme ulipokatika jana usiku hapa Mwanga, Kigoma, wapwa zangu walidai hadithi, nami nikawasimulia ile ya Wagiriki wa kale kuhusu Pegasus, farasi mwenye mabawa, ambaye shujaa Bellerophon alifanikiwa kumpanda baada ya kumvisha hatamu ya dhahabu aliyopewa na mungu wa kike Athena, alipomkuta akinywa maji kwenye chemchemi ya Pirene huko Korintho. Wakiwa pamoja walimuua Kimera, dubwana lenye kutema moto, kwa kulishambulia kutoka angani. Mpwa wangu mdogo, aliyekuwa akichambua dagaa kwenye ungo kwa mwanga wa tochi ya simu, aliacha kazi na kuniuliza, “Mjomba, kwani farasi mwenyewe aliulizwa?”

Hakuulizwa. Binafsi naona baina yao palikuwa na utii wa hatamu kuliko urafiki, maana Bellerophon alipoota kiburi na kutaka kupaa hadi Olimpo kwenye makao ya miungu, Zeus, mfalme wa miungu, alimtuma nzi amuume farasi. Mpandaji akaanguka, naye Pegasus akafika juu peke yake, akapewa kazi ya kubeba radi za Zeus. Watoto, bila huruma hata kidogo kwa shujaa, walimshangilia farasi.