Manjano ya Mama Mkubwa

Mama yangu mkubwa, hapa Lamu, ana mwaka wa tisa sasa akiishi na kolitisi ya vidonda, maradhi yanayoutia utumbo mpana mchochota, yaani wekundu, joto na uvimbe, ambao hutulia kwa miezi kisha ukarudi na choo chenye damu. Wiki iliyopita nilimkuta barazani akimenya manjano mabichi aliyoyanunua sokoni karibu na Ngome, vidole vimemgeuka rangi hadi kuchani, na kando yake habasoda iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Mwanangu," akaniambia, "vidonge hivi vyanichosha. Nataka nitumie dawa zetu peke yake, zinikinge na saratani."

Sikumbishia papo hapo, kwa sababu hofu yake ni ya haki. Utumbo unaochomwa na mchochota miaka mingi hulazimika kuziba majeraha yake kila mara kwa chembe mpya, na kila chembe inapogawanyika hupata nafasi ya kukosea katika kunakili vinasaba vyake, hata makosa yakilimbikizana saratani huanza. Kwa hiyo hatari huongezeka kadiri miaka inavyopita na kadiri sehemu iliyoathirika ilivyo kubwa.

Wala imani yake katika manjano si ya bure. Kurkumini, kiini kinachoyapa rangi, huizuia NF-kB, protini inayoziamsha jeni za mchochota, na panya wa maabara waliotiwa kolitisi wakapewa kurkumini walipata vivimbe vichache zaidi. Utafiti ninaouthamini kuliko yote ulifanywa Japani na kuchapishwa mwaka 2006: wagonjwa 89 ambao kolitisi yao ilikuwa imetulia walifuatwa kwa miezi 6, wengine wakipewa gramu 1 ya kurkumini asubuhi na gramu 1 jioni, wengine kidonge kisicho na dawa. Maradhi yaliwarudia 2 kati ya 43 waliotumia kurkumini, na 8 kati ya 39 wa upande wa pili. Lakini wote waliendelea kumeza dawa zao za hospitali, na kilichopimwa kilikuwa kurudi kwa maradhi, si saratani. Jambo hili nilimweleza mama mkubwa mara mbili, polepole. Tena kurkumini ni takriban asilimia 3 tu ya uzito wa manjano makavu, hivyo kuzifikia gramu 2 kwa siku kungemtaka ale zaidi ya vijiko 20 vya chai vya unga wake.

Habasoda, ambayo sisi Waislamu twaiheshimu kwa hadithi ya Mtume (S.A.W.), ina thaimokwinoni, na tangawizi ina jinjeroli, zote mbili zimeonyesha nguvu dhidi ya mchochota katika maabara, na sioni ubaya kuzitia chakulani. Shubiri ndiyo niliyomkataza kabisa. Utomvu wake wa manjano huendesha tumbo, na dondoo la jani zima lisilochujwa liliwatia panya vivimbe vya utumbo mpana.

Kinachomkinga zaidi ni kuuweka mchochota chini kwa dawa alizoandikiwa, na kuchunguzwa utumbo kwa kamera, kipimo ambacho madaktari hushauri kianze takriban miaka 8 baada ya dalili za kwanza, hata kama mtu hajisikii vibaya, kwa kuwa mabadiliko ya awali mara nyingi huwa bapa na hayaumi. Yeye amechelewa mwaka mzima.

Tumekubaliana. Vidonge vinaendelea, manjano yanaingia kwenye mchuzi wa samaki pamoja na pilipili manga kidogo, na mwezi ujao tutavuka hadi Mokowe, tupande basi la Mombasa kwa ajili ya kamera. Habasoda ameifunga tena katika gazeti lake na kuiweka juu ya kabati, kwa sababu siku chache kabla ya kipimo hatakiwi kula mbegu, zisije zikabaki utumboni na kumziba daktari asione.