Deni la Bata Mzinga

Mdogo wangu alipotangaza kwamba anaoa, kila mtu nyumbani aliuliza lini. Hakuna aliyeuliza wapi, na wapi ndiko kulikokuwa na kazi. Mama alikuwa kwangu kusini mwa California, amekuja kunisaidia kulea mtoto, na tarehe yake ya kurudi Moshi ilikuwa mapema Machi 2019. Bibi aliyemlea mchumba alikuwa Teotitlán del Valle, kijiji cha wafumaji wa Kizapoteki katika jimbo la Oaxaca, Meksiko. Alishaomba viza ya Marekani akanyimwa. Kwa hiyo bibi hawezi kuja. Mama, kwa upande wake, alikuwa na viza hai ya Marekani kwenye pasipoti, na Meksiko humpokea mtu mwenye viza hiyo bila kumdai ya kwao. Bila hiyo ingebidi aende kuombea Nairobi, kwenye ubalozi wa Meksiko. Ukipiga hesabu unaona: kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo hawa wanawake wawili wangeweza kukaa benchi moja, na siku zilikuwa zinakwenda.

Halafu kuna Kwaresima. Jumatano ya Majivu mwaka ule iliangukia Machi 6, na bibi akasema kwa simu kwamba nyumbani kwake hapigi mtu muziki ndani ya Kwaresima. Basi, mwisho wa Februari. Tulibakiwa na wiki chache, muda ambao kamati ya harusi ya Kichaga huwa bado inabishania nani awe mweka hazina.

Kazi ikaniangukia mimi, dada mkubwa. Bwana harusi mwenyewe alitaka ufukwe: Cancún, paketi ya hoteli, viti vyeupe, tao la maua. Nikapiga simu. Dada mmoja mchangamfu akanitajia bei ya kila kichwa, kisha akaniuliza kama tungependa na njiwa wa kurushwa. Wifi yangu mtarajiwa alisikiliza mpaka mwisho, akasema bibi yake hajawahi kupanda ndege na hataanza kwa ajili ya njiwa. Habari ya ufukwe ikaishia hapo.

Makaratasi nayo. Meksiko inatambua ndoa ya serikali peke yake, tangu sheria ya 1859 ya Benito Juárez, Mzapoteki wa milima hiyo hiyo ya Oaxaca. Padri atakubariki, lakini mbele ya sheria bado ni wachumba. Mgeni anayetaka kufunga ndoa kule anatakiwa cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na kutafsiriwa Kihispania. Cheti cha mdogo wangu kilikuwa kwenye sanduku la bati Marangu, na Tanzania haikuwa kwenye mkataba wa apostili, ule wa muhuri mmoja unaokubaliwa na nchi zote wanachama, maana yake mihuri juu ya mihuri, wizara kisha ubalozi. Tukakata shauri: ndoa ya bomani ifungwe Santa Ana, kwenye jengo la zamani la mahakama, California ambako leseni unachukua na ndoa unafunga siku hiyo hiyo. Kanisani nako kulihitaji cheti kipya cha ubatizo, semina, matangazo ya Jumapili tatu. Misa ikasogezwa mbele. Baraka za wazee hazikuweza kusogezwa.

Kaka mkubwa, Dar es Salaam, hakuelewa. “Harusi haina kamati? Haina ukumbi? Haina MC? Watu watasema tumemtupa kijana.” Usiku huo huo akafungua kundi la WhatsApp, akajiteua mwenyekiti, na ahadi zikaanza kumiminika saa ambazo sisi tumelala. Shangazi aliandika ahadi yake na palepale akauliza ndafu, yule mbuzi mzima wa kubanikwa, itatoka wapi. Hilo swali Mama alilidaka, na hakuliachia tena.

Safari tuliipitisha Tijuana. Kuna daraja la miguu, lilifunguliwa Desemba 2015, unaingilia upande wa San Diego na kutokea ndani kabisa ya uwanja wa ndege wa Tijuana. Ukishakuwa pale, kwenda Oaxaca ni safari ya ndani na nauli inapungua. Afisa wa uhamiaji alipekua pasipoti ya Mama mara ya kwanza, akapekua tena, akamwita mwenzake. Mama hakusema neno. Alinyoosha mkono, akafunua mwenyewe ukurasa wenye viza ya Marekani, akaurudisha mezani na kuupapasa kwa kiganja. Mhuri ukagongwa.

Nimesahau kumtaja mshenga. Mama alikataa katakata kuingia kwa watu bila mshenga, na baba yetu ni marehemu, na wajomba wako mbali. Tukamwomba mzee mmoja wa Tanga, dereva wa malori aliyekaa California miaka mingi na kujifunzia Kihispania kwenye maghala. Ni Mwislamu, sisi Wakatoliki, Mama akasema posa haina dhehebu. Mzee akavaa kanzu na koti na kofia ya kazi ya mkono, na niseme ukweli, kuanzia saa ile ndipo nilipoanza kuamini kwamba harusi itakuwepo.

Jumapili tulikwenda sokoni Tlacolula na mashangazi wa wifi, kununua mizigo ya kupeleka. Upande wa mume ndio unaopeleka: mikate ya mayai, chokoleti ya kusaga, matunda, maua, mezcal ambayo ni pombe yao kali, na mishumaa mirefu ya nta iliyochongwa maua yake kwa mkono, ambayo Teotitlán ni wafundi wake. Vyote vinapangwa kwenye makapu na kubebwa barabarani watu waone. Mama alitembea nyuma ya kapu la mishumaa amejifunga kitenge, anatazama huku na huku, akaniambia kwa sauti ya chini, “Mwanangu, kumbe hawa watu wana adabu zao.”

Mlangoni tulipokelewa na mzee wao, wanamwita huehuete. Kazi yake ni kusema. Wazazi wananyamaza, yeye ndiye anayewasemea, anaomba, anashukuru, anawausia wachumba, kwa Kizapoteki cha wazee. Shangazi mmoja akageuza kwa Kihispania, mzee wetu wa Tanga akageuza kwa Kiswahili, na akina mama waliokaa kwenye mikeka wakasubiri kwa subira. Wale wazee wawili walielewana kabla ya wakalimani. Wetu alianza mbali, kwa kusifia nyumba na mvua na afya ya mifugo. Wao naye akajibu kutoka mbali vilevile. Mdogo wangu alinikonyeza kuuliza lini watafika kwenye jambo. Walipofika, mzee wetu alipewa kikombe cha mezcal, akakishika kwa heshima, akampa jirani, akaletewa chokoleti yenye povu juu ya uji wa mahindi. Alikunywa mpaka mwisho na kuomba nyingine.

Kesho yake asubuhi ndipo lilipotoka daftari.

Bibi alilileta mwenyewe, daftari la shule lililolegea uzi, akalifungua mezani jikoni. Majina. Mbele ya kila jina: bata mzinga, kilo kadhaa; mahindi; kakao; tarehe. Watalii wanaijua Guelaguetza kama tamasha la ngoma la mwezi Julai mjini Oaxaca, lakini kijijini ni hii: jirani akiwa na shughuli unampelekea, unaandika wewe na yeye anaandika, na siku yako ikifika unatuma mtu kukumbusha. Kinarudi kile kile, kwa uzito ule ule. Bata mzinga ni ndege wa kwao, wamemfuga tangu kabla ya Wahispania kufika, na sherehe bila yeye haijawa sherehe. Baadhi ya mistari ya bibi ilikuwa na umri mkubwa kuliko wifi yangu. Alikuwa amekopesha miaka yote hiyo akimngojea mjukuu.

Mama aliomba miwani. Huyu ni mwanamke aliyekuwa mweka hazina wa kamati za Moshi mpaka alipochoka na matusi. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, hajui lugha hata moja iliyoandikwa pale, na alipofika chini akasema, “Hata sisi. Ila sisi tunaandika hela.”

Wajukuu walishatumwa nyumba kwa nyumba. Kufikia mchana ua ulikuwa umejaa bata mzinga waliofungwa miguu, wanagombana. Na hapo ndipo shangazi mmoja, kwa nia njema tu, alipomweleza Mama kwamba kwa kawaida sherehe hufanywa na upande wa mume, ila safari hii wamefanya wao kwa sababu sisi ni wageni. Mama alibadilika. Akaniita pembeni. Michango ya kundi la Kaka ilikuwa imeingia, dola moja ilikuwa inabadilishwa kwa peso kama 19, na tuliinunulia mahindi, kakao na mezcal. “Na hawa ndege?” Nikamwambia hata hawa tunaweza kuwalipia. Akakataa. Alitaka waandikwe. Bibi amkopeshe yeye, Mama, kwa jina lake, na kilo zao.

Bibi alicheka sana kwanza. Mzee wa Tanga akatafsiri mara ya pili, polepole. Mdogo wangu akaingilia, “Mama, tulipe yaishe.” Mama akamgeukia: “Tukilipa yote leo, kesho tutarudi hapa kufanya nini?” Bibi alipotafsiriwa hilo aliacha kucheka, akaita mizani.

Siku yenyewe sitaieleza yote. Wachumba walipiga magoti mbele ya madhabahu ya nyumbani, moshi wa ubani wao wa kopali, mishumaa ile imewashwa, na wazee wakapita mmoja mmoja kuwawekea mikono. Ilikuwa saa sita mchana kwetu, saa tatu usiku Dar, ambako ukoo ulikuwa umejazana sebuleni kwa Kaka na sare za vitenge wakitutazama kwenye simu. Mtandao ulikatika zamu ya Mama ilipofika. Mpaka leo Kaka anadai arudie.

Na ndafu ilikuwepo. Mjomba wa wifi hupika mbuzi kwa kumfukia shimoni usiku kucha na majani ya parachichi, anatoka laini ajabu, lakini anatoka vipande. Mama alimshukuru akamwambia ndafu husimama. Wakabishana kwa mikono. Mwishowe mbuzi wa pili akabanikwa mzima, Mama akimkanda kwa chumvi, vitunguu saumu na ndimu, ambazo kule ni zile zile ndogo za kwetu, na akaingizwa uani na majani mdomoni. Bendi ya kijiji haikuujua wimbo wetu. Tukapiga vigelegele, tarumbeta zikatafuta, zikatupata njiani.

Mwaka 2022 wifi alipigiwa simu: binamu yake anaoa, na daftari limefunguliwa. Mdogo wangu akasema atume dola. Wifi alimtazama tu. Binamu mwingine akaenda Tlacolula kwa niaba yetu, akachagua ndege, na Mama, kutoka Moshi, akaagiza kila mmoja apigwe picha akiwa juu ya mizani kabla pesa haijatoka. Picha zikaja kwenye kundi. Akazikuza moja moja, kisha akatuma ujumbe wa sauti: “Huyu wa tatu hajafikia. Mbadilishieni.”